Kigoda cha Mzee wa Kikamba: Mwongozo wa Kukikagua, Kukitengeneza na Kukitunza

Kigoda cha miguu mitatu cha Wakamba huchongwa kutoka kipande kimoja cha gogo. Kikalio na miguu yote ni mbao ileile, haina kiungo, gundi wala msumari. Kikalio ni cha duara na kimebonyea kidogo katikati. Miguu ni mifupi na imetanuka kuelekea nje. Miguu mitatu hutulia hata kwenye ua wenye mawe na mashimo, mahali ambapo kiti cha miguu minne kingeyumba. Vigoda vya thamani zaidi vimepambwa kikalioni kwa waya wa shaba nyekundu, shaba njano au chuma, uliogongewa ndani ya mbao ukaunda duara, msalaba au nyota. Baadhi ya vile vya karne ya 20 vimepachikwa shanga.

Waya huo una historia yake. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanyabiashara wakubwa wa misafara. Walipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na vitambaa, shanga na waya. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mmoja wao. Wahunzi wa Ukambani waliugeuza waya huo kuwa mikufu myembamba iliyosifika mbali, na kipande kilichobaki kiliweza kuishia kwenye kigoda cha mzee. Gerhard Lindblom, mtafiti kutoka Sweden aliyeishi Ukambani mwaka 1911 na 1912, alivikuta vigoda vikiwa sehemu ya maisha ya wazee. Kigoda kilikuwa mali ya mtu mmoja, kilimfuata barazani na kilibaki kwa watoto wake alipofariki.

Vigoda hivi bado vimo majumbani Kitui na Makueni, vingine darini na vingine nyuma ya mlango wa jikoni. Vinatoka huko mzee anapofariki au mkusanyaji anapobisha hodi, na kosa kubwa hutokea hapo hapo: kigoda hupelekwa kwa fundi, kikapigwa msasa na kupakwa vanishi. Kazi ya nusu saa hufuta alama za miaka sitini, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Kwa nini hakitengenezwi kama kiti cha kiwandani

Kanuni nyingi za kufufua viti vya zamani zilitokana na viti vya Ulaya. Mfano maarufu ni kiti namba 14 cha Michael Thonet cha mwaka 1859, kilichotengenezwa kwa mbao zilizolainishwa kwa mvuke na kukunjwa. Kina vipande sita vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Kipande kikivunjika, mkusanyaji hutafuta kingine cha aina hiyo, hufungua skrubu na kubadilisha. Kiti kilibuniwa hivyo, na mamilioni ya viti pacha yalitoka kiwandani.

Kigoda hakina kipande cha kubadilisha. Mguu ukikatwa na kuwekwa mwingine, kinachobaki ni nusu ya kigoda. Ngozi yake nayo, yaani ule mng'ao mweusi au wa hudhurungi uliotokana na jasho, mafuta, vumbi na moshi, haikupakwa na fundi yeyote; ililetwa na kukaliwa. Thamani ya kigoda kwa familia, na bei yake kwa mkusanyaji, vimo ndani ya ngozi hiyo yenye unene usiozidi wa karatasi. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inaanza na kazi ndogo kabisa, na kazi kubwa zaidi hufanywa tu pale ile ndogo iliposhindwa.

Hatua ya kwanza: kukagua kabla ya kugusa

Ukaguzi hufanyika mchana, karibu na dirisha, kigoda kikiwa juu ya taulo safi. Tochi na lenzi ya kukuza zinatosha.

1. Piga picha pande zote, juu na chini, kabla ya kufuta hata vumbi.
2. Geuza kigoda. Chini ya kikalio, mahali ambapo mchongaji hakuwa na haja ya kulainisha, alama fupi za tezo huonekana wazi. Zikikosekana kabisa na kukawa na mikwaruzo laini inayofanana, mbao imepita kwenye mashine au msasa.
3. Tazama nyayo za miguu. Kigoda kilichotumika huwa na nyayo zilizoviringika na kulika bila usawa, kwa sababu mzee alizoea kuegemea upande mmoja.
4. Soma mwelekeo wa mbao kikalioni. Miviringo ya umri wa mti ikionekana, gogo lilichongwa likiwa limesimama, na nyufa zitaanzia katikati kwenda ukingoni. Mistari ikipita kutoka upande hadi upande, gogo lilichongwa likiwa limelala. Hapo nyuzi za mbao hukatiza miguu, na sehemu ya kuogopa ni pale mguu unapokutana na kikalio.
5. Tafuta matundu madogo ya mviringo na unga mwepesi. Gonga kigoda taratibu juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya wa rangi ya mbao ukidondoka, wadudu wako hai ndani.
6. Pitisha ncha ya kidole juu ya waya bila kukandamiza. Andika kila mahali unapoinuka.
7. Tafuta matengenezo ya zamani: ufa ulioshonwa kwa waya au kubanwa kwa bamba la chuma. Haya hayaondolewi kamwe. Aliyeshona ufa huo alikithamini kigoda kuliko kununua kingine, na ushahidi huo ni sehemu ya historia yake.

*Sanduku: kigoda kilichozeeshwa makusudi*

Biashara ya vinyago Ukambani ilikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos karibu na mpaka wa Kitui, aliona uchongaji wa mpingo akiwa Tanganyika wakati wa vita na kuurudisha kwao. Tangu hapo vigoda vingi vimechongwa kwa ajili ya soko. Kigoda cha soko si bandia: kina fundi wake na heshima yake, na kinauzwa kwa bei yake. Udanganyifu ni kukiuza kwa jina la kigoda cha babu. Dalili zake ni hizi:

- harufu ya rangi ya viatu, au weusi unaobaki kwenye pamba iliyoloweshwa maji kidogo;
- weusi ulio sawa kila mahali, hata ndani ya nyufa na chini ya kikalio ambako mikono haifiki;
- kikalio kilicholika huku nyayo za miguu zikiwa na kingo kali;
- waya mpya unaong'aa, usio na uchafu wowote ukingoni.

Dalili moja haitoshi kumhukumu muuzaji. Zikija tatu kwa pamoja, bei ya kigoda cha kale hailipwi.

Hatua ya pili: wadudu

Kigoda kilichokaa miaka mingi karibu na mafiga kililindwa na moshi. Kikihamishiwa sebuleni ulinzi huo hukoma, na wadudu wanaobungua mbao hupata nafasi. Dawa ya kunyunyiza haifiki ndani walipo viluwiluwi, na huacha madoa juu ya ngozi ya kigoda. Mafuta ya taa nayo huacha harufu ya miezi na hatari ya moto. Baridi kali ndiyo njia salama zaidi kwa mbao iliyo nzima na kavu.

1. Funga kigoda kwa shuka safi ya pamba, kisha kwa nailoni nzito. Toa hewa kadiri inavyowezekana na uzibe kwa utepe.
2. Kiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri huhitaji wiki mbili.
3. Kitoe na ukiache ndani ya nailoni siku nzima. Nailoni ikifunguliwa mapema, unyevu wa hewa hutua juu ya mbao baridi na kuacha ukungu mweupe.
4. Kiweke juu ya karatasi nyeupe kwa miezi miwili. Unga mpya ukionekana, rudia.

Tahadhari: kigoda chenye shanga zinazolegea au ufa unaopanuka hakiingizwi kwenye friza. Jua la Kitui lisitumike badala ya friza. Kigoda kilichoanikwa juani mchana mmoja kinaweza kupasuka kutoka katikati hadi ukingoni.

Hatua ya tatu: kusafisha

Uchafu wa kigoda ni wa aina mbili. Vumbi, matope, kinyesi cha kuku na utando wa buibui hutoka. Tabaka gumu linalong'aa, hata likiwa jeusi, hubaki. Asiyeweza kutofautisha aache kwanza, kwa kuwa uchafu uliobaki unaweza kuondolewa mwaka ujao.

1. Futa vumbi kwa brashi laini ya nywele halisi, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Ndani ya nyufa tumia kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba.
2. Chagua mahali padogo chini ya kikalio. Lowesha pamba kwa maji safi, ikamue hadi isidondoke, kisha viringisha taratibu bila kusugua. Tazama pamba: rangi ya udongo ni uchafu, lakini rangi ya hudhurungi yenye utelezi ni ngozi ya kigoda inayoanza kutoka. Hapo acha mara moja.
3. Jaribio likifaulu, endelea eneo dogo kwa dogo, ukikausha kila eneo kwa kitambaa kabla ya kuhamia lingine.
4. Nta iliyoganda na mafuta mazito hulainishwa kwa tepentaini kidogo kwenye pamba, nje ya nyumba, mbali na jiko.

Sabuni ya kufulia, majivu, ndimu na soda havitumiki. Vyote huingia ndani ya mbao na kuendelea kufanya kazi baada ya mkono kuondoka. Udongo mwekundu uliopakwa makusudi ukionekana, sehemu hiyo isiguswe kwa maji hata kidogo.

Waya na shanga

Shaba iliyozeeka hugeuka hudhurungi, na ukingoni hupata ukijani. Watu wengi hutamani kuing'arisha. Dawa za kung'arishia shaba zina unga unaojaa kwenye mfereji wa waya na kukauka ukiwa mweupe, na zina kemikali zinazopausha mbao ya pembeni. Waya hufutwa kwa pamba kavu tu. Ukijani mzito huondolewa kwa ncha ya kijiti cha meno, chini ya lenzi, taratibu.

Waya ulioinuka haupigwi nyundo. Mbao iliyozunguka mfereji imekauka na kusinyaa, kwa hiyo nyundo huupasua mfereji badala ya kuurudisha waya. Njia ni hii: safisha mfereji kwa kijiti, weka tone dogo la gundi ya ngozi ya mnyama (namna ya kuitayarisha iko kwenye sehemu ya mguu uliovunjika) kwa ncha ya sindano, rudisha waya kwa kidole, funika kwa karatasi ya nailoni na uweke uzito mdogo, kama mfuko wa mchanga, hadi asubuhi. Shanga hurudishwa vivyo hivyo.

Je, waya uliopotea ujazwe? Kwa kigoda cha mkusanyaji jibu ni hapana. Mfereji mtupu unaonyesha nakshi ilivyokuwa, na jicho huijaza lenyewe. Familia ikitaka sana, waya mpya uwekwe na uandikwe kwenye kumbukumbu za kigoda, na mnunuzi wa baadaye aambiwe.

Mguu uliovunjika

Mguu unaotunzwa pamoja na kigoda hurudi vizuri kuliko wengi wanavyodhani, ilimradi sehemu iliyovunjika haijakwanguliwa. Meno ya mbao upande mmoja huingia kwenye mashimo ya upande wa pili, na kila unyuzi unaoondolewa kwa msasa hupunguza nguvu ya kiungo.

1. Jaribu kuunganisha bila gundi. Pande zikikataa kukutana, tafuta punje ya mchanga au unyuzi uliopinda.
2. Loweka gundi ya ngozi kwenye maji baridi hadi ivimbe. Ipashe moto kwenye sufuria ndogo iliyo ndani ya sufuria ya maji, kiasi cha nyuzi 60. Ikichemka hupoteza nguvu.
3. Paka tabaka jembamba pande zote mbili, unganisha, kisha funga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mpira hubana kila upande bila kuumiza mbao. Weka karatasi ya nailoni kati ya mpira na kigoda.
4. Futa gundi iliyofurika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, na uache saa 24.

Gundi ya ngozi inapendekezwa kwa sababu maji ya uvuguvugu huilegeza. Fundi wa miaka hamsini ijayo akitaka kurekebisha, ataweza. Isipopatikana, gundi nyeupe ya maseremala inakubalika, ingawa kuifungua tena ni kazi. Gundi za kuchanganya chupa mbili hazifai, kwa sababu kiungo kikishindwa ni mbao ya pembeni inayovunjika. Msumari na skrubu ni marufuku: chuma hupasua mbao kavu, na kikipata unyevu huacha doa jeusi linalosambaa.

Ufa usiosonga huachwa ulivyo. Haujazwi vumbi la mbao na gundi, kwa kuwa mbao hupanuka msimu wa mvua na kusinyaa kiangazi. Ikikuta ufa umejazwa kitu kigumu, hupasuka mahali pengine.

Kigoda kilichounganishwa mguu hakikaliwi kila siku. Familia inayotaka kigoda cha kukalia ni heri ichongeshe kipya cha mukau, mti wa asili ya nyanda hizi kavu. Mbao yake ya ndani ni ya hudhurungi yenye wekundu na huwashinda mchwa. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui ambacho kimeushughulikia mti huu kwa miaka mingi, pamoja na mashamba ya mbegu Tiva na Kibwezi, kwa hiyo mukau uliopandwa na wakulima unapatikana. Mwambie mchongaji apake nta kwenye ncha za gogo na alikaushe kivulini polepole, na kiini cha mti kisiwe katikati ya kikalio. Nyufa nyingi za vigoda vipya huanzia hapo.

Nta ya nyuki

Kitui ni nchi ya nyuki, na asali ya Mwingi inajulikana Kenya nzima. Nta ya warina asali wa huko ndiyo kinga bora kwa kigoda kikavu kilichosafishwa.

1. Yeyusha gramu 100 za nta iliyochujwa kwa kitambaa, ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwa nyuzi 62 hadi 64. Haina haja ya moto wa moja kwa moja.
2. Zima moto kabisa. Toka nje, kisha mimina mililita 300 za tepentaini huku ukikoroga. Mchanganyiko ukipoa utakuwa laini kama siagi.
3. Paka kiasi kidogo sana kwa kitambaa. Subiri saa moja, kisha sugua kwa kitambaa kikavu hadi kidole kisiache alama.

Mara moja kwa mwaka inatosha, na nta isipakwe juu ya waya wala udongo mwekundu. Mafuta ya kupikia na samli havipakwi: huoza, hunasa vumbi na kuita mende. Mafuta ya linsidi hukauka yakawa utando mweusi usiotoka.

Mahali pa kukiweka

- Kisiguse sakafu ya udongo. Mchwa hupanda usiku mmoja.
- Kisikae juu ya kabati chini ya mabati yasiyo na dari, wala mbele ya dirisha lenye jua la mchana.
- Kiinuliwe kwa kushikwa chini ya kikalio kwa mikono miwili. Mguu si mpini.
- Kigoda kinachohamia Mombasa au Ulaya hubadili hali ya hewa ghafla. Kibaki ndani ya sanduku la karatasi kwa wiki chache, likifunguliwa kidogo kidogo, mbao izoee unyevu mpya.

Kumbukumbu, ununuzi na sheria

Kigoda kisicho na maelezo hupoteza nusu ya maana yake. Karatasi moja inatosha: kilitoka kijiji gani, kilikuwa cha nani, nani alikichonga kama anajulikana, kilipatikana lini, na kimefanyiwa nini. Wazee huhojiwa kabla ya kigoda kuondoka nyumbani, na kwa Kikamba inafaa kuuliza habari za *kivila*, yaani kigoda, cha mzee aliyekimiliki, kwani majibu huwa marefu kuliko kwa Kiswahili.

Mnunuzi azungumze na familia nzima, si na kijana mmoja anayehitaji pesa. Kigoda ni urithi, na mauzo ya siri huzaa ugomvi unaomfuata mnunuzi. Makubaliano yaandikwe na yatiwe sahihi na mashahidi wa pande zote.

Sheria ya Makavazi na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutoka nchini bila kibali. Vigoda vingi vilivyopo ni vya baada ya hapo, lakini umri ukiwa na shaka, Makavazi ya Kitaifa Nairobi ndiyo mahali pa kuuliza kabla ya kufunga mzigo. Kigoda cha mpingo kina sharti la ziada: tangu Januari 2017 mti huo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja zimesamehewa. Kwa mzigo mkubwa zaidi, kibali hutolewa na Shirika la Wanyamapori, KWS, na huombwa kabla ya kigoda kufika uwanja wa ndege.